Lami ya Newala–Masasi na rimu za spoti: Kwa nini nati kuingia si ushahidi kwamba rimu imekubali

Msimu wa korosho ukianza mwezi Oktoba, masikio ya watu wa huku kwetu huelekea kwenye mnada. Wakulima wa Newala na Tandahimba husubiri bei kupitia chama kikuu cha TANECU, wale wa Masasi, Nanyumbu na Mtwara kupitia MAMCU. Mwaka 2024 mnada wa kwanza ulifunguliwa kwa bei iliyopita Sh4,000 kwa kilo. Fedha zikiingia benki, kila nyumba ina hesabu zake: bati, ada ya shule, madeni ya pembejeo, pikipiki. Na wapo wanaonunua gari.

Gari lenyewe, mara nyingi, ni lililotumika Japani. Wenye familia na wafanyabiashara huchukua Noah, Probox au IST. Vijana wenye mshiko mzuri huangalia gari lenye nguvu: Subaru Forester yenye tabo, Impreza, Toyota Mark X, Crown Athlete, Altezza. Na jambo la kwanza ambalo wengi hufanya baada ya kulinunua ni kubadili rimu. Zile za kiwandani huonekana za kawaida mno. Zinatafutwa za spoti, kubwa zaidi, pana zaidi, kutoka kwa wauzaji wa Dar es Salaam, nazo husafirishwa kwa basi hadi Masasi.

Wakati huohuo barabara inabadilika. Njia ya Mtwara–Newala–Masasi ina urefu wa kilomita 210. Kipande cha Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, kilishawekwa lami. Kilichobaki, kutoka Mnivata kupita Tandahimba na Newala hadi Masasi, kilomita 160, ni mradi wa lami unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Mambo haya mawili, rimu za spoti na lami mpya, yanakutana mahali pamoja: mwendo wa gari. Makala haya yanaeleza kwa nini rimu ambayo "haikuwa na shida" kwenye barabara ya vumbi inaweza kuleta msiba kwenye lami, na namba gani uzijue kabla hujatuma fedha kwa muuzaji.

Kosa hulala kwenye mwendo mdogo

Mwenye gari akifika gereji na rimu mpya, swali lake huwa moja: "Fundi, zitaingia?" Fundi anajaribu, nati zinafunga, gari linashuka kwenye jeki, linazunguka mtaa mmoja na kurudi. Kazi imekwisha. Malipo yanatolewa.

Ukimwambia mwenye gari kwamba rimu hizo si zake, atakujibu kwamba fulani anazo hizohizo, na mwaka wa tatu huu anakwenda nazo Newala na kurudi. Anaweza kuwa anasema kweli. Lakini barabara ya kichanga, makorongo na njia za mchepuko ilimlazimisha aende mwendo wa kilomita 30 au 40 kwa saa. Katika mwendo huo mengi husameheka.

Nguvu inayotikisa gurudumu lililokaa vibaya haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kutoka 40 hadi 80, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Ukienda 120, ni mara tisa. Ndivyo ilivyo pia kwa kazi ya breki: gari linaloshuka kutoka Newala kuelekea tambarare ya Masasi kwa mwendo wa 80 lina nguvu ya kuzuiwa mara nne ya lile linaloshuka kwa 40. Kwa hiyo rimu, nati na breki zile zile, kwa dereva yule yule, hupewa mtihani mwingine kabisa siku lami inapofika mlangoni.

Namba ya kwanza: Duara la bolti

Gurudumu hufungwa kwenye habu, yaani kile kichuma cha duara ambacho bolti zake huchomoza nje. Magari madogo kama Vitz na Probox yana bolti nne. Noah, Mark X, Crown, Altezza na Subaru yana tano. Lakini kuhesabu bolti hakutoshi. Lazima ujue pia upana wa duara ambalo bolti hizo zimepangwa.

Duara hilo huandikwa hivi: 4x100, 5x100 au 5x114.3. Namba ya mbele ni idadi ya bolti, ya pili ni upana wa duara kwa milimita. Toyota ndogo za bolti nne nilizozitaja ni 4x100. Mark X, Crown, Altezza na Noah ni 5x114.3. Subaru ndizo zinazochanganya watu: Impreza za kawaida za miaka ya 2000 na Forester hadi ile iliyotoka mwaka 2013 ni 5x100, lakini Impreza WRX STI ilihamia 5x114.3 mwaka 2005. Magari mawili yanafanana kwa sura na jina, lakini rimu za moja haziingii kwenye jingine.

Kwa bolti tano huwezi kupima duara kwa kuvuka katikati, kwa sababu hakuna bolti inayotazamana na mwenzake. Chukua rula ya shule, pima kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya bolti iliyo jirani yake. Ukipata karibu milimita 59, gari lako ni 5x100. Ukipata karibu milimita 67, ni 5x114.3.

Hatari kubwa haiko kwenye tofauti hiyo, maana hapo rimu inakataa waziwazi. Hatari iko kwenye rimu zinazokaribiana. Rimu nyingi za Mercedes-Benz ni 5x112. Ukipima bolti kwa bolti, tofauti yake na 5x114.3 ya Toyota ni kama milimita moja na nusu tu. Ukilazimisha, nati zinaingia. Zinaingia zikiwa zimeinama, na bolti zimevutwa upande. Bolti iliyovutwa hivyo hukatika siku moja, na ikikatika moja, zilizobaki hubeba mzigo wake.

Namba ya pili: Tundu la katikati

Katikati ya rimu kuna tundu kubwa linalokaa juu ya shingo ya habu. Kwa Toyota za bolti tano nilizozitaja, shingo hiyo ina upana wa milimita 60.1. Subaru ni 56.1, Toyota ndogo za bolti nne 54.1, Honda nyingi 64.1, Nissan nyingi 66.1.

Ukichukua rimu ya Subaru yenye tundu la 56.1 ukaipeleka kwenye Mark X, haitakaa hata kama duara la bolti linalingana. Ukichukua ya Nissan ukaipeleka kwenye Mark X, itapita kwa urahisi na nati zitafunga vizuri. Lakini kati ya rimu na shingo ya habu kutabaki nafasi ya milimita tatu kila upande. Gurudumu halijakaa katikati kwa uhakika. Likihama kidogo tu wakati wa kufunga, kwenye vumbi hutasikia kitu. Kwenye lami, usukani unaanza kutetemeka ukifika 80 au 90, unapeleka gari kubalansi mara tatu na tatizo haliishi, kwa sababu tatizo si balansi.

Dawa yake ni pete za katikati, vijipete vinavyoziba nafasi hiyo. Si ghali, na muuzaji mzuri wa rimu anazijua. Muulize kabla ya kulipa: "Kaka, tundu la katikati ni ngapi, na pete unazo?"

Namba ya tatu: Ofseti na upana

Ndani ya rimu, nyuma ya mikono yake, utaona maandishi kama 17x7J ET48. Namba 17 ni kimo cha rimu kwa inchi, 7J ni upana wake kwa inchi, na ET48 ni ofseti kwa milimita. Ofseti inaeleza uso wa rimu unaogusa habu uko mbali kiasi gani na mstari wa katikati wa upana wa rimu. ET ikiwa kubwa, gurudumu huingia ndani ya gari. ET ikiwa ndogo, gurudumu hutoka nje.

Vijana wengi wanapenda gurudumu lililotoka nje, lijae madigadi. Basi tufanye hesabu. Umetoa rimu ya 7J ET48, umeweka ya 8J ET35. Ofseti imekutoa nje milimita 13. Upana ulioongezeka, inchi moja, umegawanywa nusu ndani na nusu nje, yaani karibu milimita 13 nyingine. Jumla ukingo wa gurudumu umetoka nje kwa karibu milimita 26, sentimita mbili na nusu.

Gari likiwa tupu mbele ya gereji linapendeza. Sasa wapakie watu watano na mifuko ya korosho nyuma, shokapu zishuke, halafu pita kwenye bonde la barabara. Ukingo wa madigadi unalikata tairi. Pili, uzito uliosogea nje huvuta beringi za magurudumu, nazo huanza kuvuma mapema kuliko kawaida. Tatu, usukani hukuvuta mkono kila tairi la upande mmoja linapokanyaga kichanga na la pili likiwa kwenye lami, jambo ambalo kwenye barabara inayojengwa hutokea mara nyingi.

Wapo wanaopata matokeo hayohayo kwa kuweka speza kati ya habu na rimu. Angalia jambo moja: kila milimita ya speza ni milimita ya uzi wa bolti ambayo nati haiishiki tena.

Namba ya nne: Kimo cha gurudumu zima

Rimu ikiwa kubwa, tairi lazima liwe na ubavu mfupi zaidi, ili kimo cha gurudumu zima kisibadilike. Maandishi ya ubavuni mwa tairi yanakwambia yote. Chukua 215/60R16. Upana wa tairi ni milimita 215. Ubavu wake ni asilimia 60 ya upana huo, yaani milimita 129. Ongeza ubavu wa juu, wa chini, na inchi 16 za rimu: gurudumu zima lina kimo cha milimita 664.

Ukienda rimu 17 na tairi la 215/55R17, kimo ni 668. Tofauti ni ndogo mno. Ukienda rimu 18 na tairi la 225/45R18, kimo ni 660. Hapo pia hesabu imekaa. Lakini ukifunga 225/55R18 kwa sababu ndilo lililopatikana dukani, kimo kinafika 705. Gurudumu litagusa ndani ya madigadi ukikata kona, na mshale wa spidi utakudanganya: ukisoma 80, gari linakwenda karibu 85. Mtu wa tochi hatasikiliza maelezo ya rimu.

Sasa rudi kwenye mfano wa rimu 18, ule uliokaa sawa kwa hesabu. Ubavu umetoka milimita 129 hadi 101. Umepoteza karibu sentimita tatu za mpira, na mpira huo ndio uliokuwa kati ya rimu yako na shimo. Kwenye lami tupu hutaujutia. Kwenye mchepuko wenye mawe, au pale lami inapoishia ghafla ukingoni mwa daraja linalojengwa, rimu inagonga moja kwa moja. Inapinda au inapasuka ufa mdogo unaotoa upepo polepole.

Kushuka kimo cha rimu nako kuna masharti. Magari yenye nguvu yana diski kubwa za breki. STI yenye breki za Brembo haikubali rimu chini ya inchi 17. Kabla ya kununua tairi, weka rimu tupu kwenye habu, funga nati mbili, zungusha kwa mkono. Ikigusa kalipa ya breki popote, hiyo si yako.

Namba ya tano: Nati

Hapa ndipo penye kitu kidogo kinachoua. Nati za Toyota na Honda nyingi zina uzi wa 12x1.5. Subaru, Nissan na Suzuki nyingi ni 12x1.25. Kwa macho zinafanana. Ukilazimisha nati ya Toyota kwenye bolti ya Subaru kwa wili spana ndefu, itakwenda mizunguko michache huku ikikwangua uzi. Utahisi imekaza. Haijakaza, imekwama.

Kisha kuna umbo la kikalio cha nati. Rimu nyingi za spoti zinataka nati yenye ncha ya pia. Rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota zinatumia nati yenye shingo na washa bapa. Honda za kiwandani hutumia kikalio cha mviringo. Nati bapa kwenye tundu la pia hugusa ukingo tu, na hulegea. Kumbuka pia tairi la akiba: nati zilizobaki kwenye gari zinapaswa kulifunga na hilo, usiku, njiani.

Na usipande juu ya spana. Kwa Toyota nyingi za aina hii nati hutaka nguvu ya karibu newton-mita 100. Hiyo ni sawa na kuning'iniza debe la maji la lita 20 mwisho wa spana yenye urefu wa nusu mita. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya spana hiyo anaweka zaidi ya mara tatu ya nguvu hiyo, anavuta bolti kama mpira. Kaza kwa kuruka moja, kama unavyochora nyota, gari likiwa bado limeinuliwa kidogo. Ukishaendesha kilomita 50 hadi 100, simama, rudia kukaza. Kutoka Newala hadi Masasi kunatosha.

Tairi lenyewe, na Subaru peke yake

Rimu sahihi ikivaa tairi bovu, umefanya kazi bure. Angalia namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Angalia pia namba ya uzito: 91 hubeba kilo 615, 95 hubeba kilo 690. Usichukue iliyo chini ya ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Wenye Subaru wana sharti la ziada. Gari hilo huzungusha magurudumu yote manne kwa pamoja. Ukiweka mawili mapya mbele na mawili yaliyokwisha nyuma, au saizi mbili tofauti, vimo vyao havilingani, na gia ya katikati hufanya kazi ya kurekebisha tofauti hiyo safari nzima. Kwenye kichanga hupata nafuu kwa sababu tairi huteleza. Kwenye lami haliteleza, na gia ndiyo inayoumia. Gharama ya kuitengeneza inazidi matairi manne mapya.

Simu yako ni kipimo cha kwanza

Mwenye simu yenye kamera anaweza kujilinda kabla ya kutuma fedha. Piga picha kibandiko cha mlango wa dereva, chenye saizi ya tairi na upepo. Vua gurudumu moja, piga picha maandishi ya ndani ya rimu yako. Kisha mwombe muuzaji akutumie picha ya maandishi ya ndani ya rimu anayouza. Asitume picha ya uso wake tu. Yawe manne: duara la bolti, tundu la katikati, kimo na upana, ET. Muuzaji akisema "Bosi, hizi zinaingia gari zote," amekwambia kwamba hajui. Rimu za Japani zilizopimwa kwa viwango vya huko huwa na herufi JWL. Zikifika, zizungushe chini sakafuni utazame kama zinayumba, na pitisha kidole ndani kutafuta alama ya kulehemu.

Kwa hali ya barabara yetu ilivyo, nusu lami na nusu mchepuko, chaguo la busara ni kubaki kwenye kimo cha kiwandani, au kupanda inchi moja tu na kulinda ubavu wa tairi. Anayetaka rimu 18 angoje lami ifike kwanza. Anayebeba abiria asiziguse kabisa.

Maana kwenye biashara hii kila mmoja ana mahali pa kuishia. Muuzaji yuko Dar es Salaam, ameshapokea fedha. Fundi ameambiwa afunge, amefunga. Anayebaki na namba zilizokosewa ni aliyekaa ndani ya gari siku linaposhuka mteremko wa Newala kwa mwendo ambao barabara ya zamani haikuuruhusu, pamoja na mama aliyeomba lifti kwenda hospitali ya Ndanda na hakuulizwa kuhusu rimu.